Nyota Kauzwa, Vyumbani Kuna Nini? Tunahesabu Kumi Hadi Moja

Sisi wa Kau tuko mbali na kila uwanja wenye taa. Ukitoka Garsen unapita Witu, unashuka Kipini, halafu unaufuata mto. Lakini redio inafika, simu inafika siku mtandao ukijisikia, na ubishi ulifika zamani kabla ya vyote viwili. Ami yangu ni Simba wa damu, ingawa hajawahi kuvuka Lunga Lunga. Mimi ni Yanga kwa sababu yeye ni Simba. Mwamuzi wetu ni kijana mmoja wa Gor Mahia, na mtu wa Gor haamui ugomvi, anaongeza wa tatu.

Safari hii tulibishania hivi: klabu ikimuuza nyota wake, wale wanaobaki vyumbani huwaje? Wamarekani katika besiboli wanalifanya jambo hili bila haya. Mchezaji analala Boston, anaamka ameshakuwa wa Chicago, kabadilishwa na wenziwe wawili watatu, na mara nyingi hakuna aliyemuuliza. Kwetu usajili una dirisha kubwa, dirisha dogo na mlango wa nyuma. Msichana mmoja wa barazani aliuliza besiboli inatuhusu nini. Inatuhusu: mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikwenda kucheza mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Marekani, timu ya kwanza kutoka Afrika kufika na kucheza. Kwa hiyo kaeni, tunahesabu mambo kumi yanayobaki vyumbani: tunaanza na dogo tunapanda. Ami ameruhusiwa kuingilia. Angekatazwa, angeingilia vile vile.

10. Simu zinalia kuliko filimbi ya kocha

Nyota haondoki siku anayoondoka. Anaondoka wiki tatu kabla, kwa habari. Mara ameonekana na begi, mara ameacha kufuata ukurasa wa klabu, mara shemeji yake ameandika "Mungu ni mwema" bila maelezo. Mazoezini kocha anapanga koni, wachezaji wanapanga uvumi. Kipa anaulizwa na fundi cherehani wa mtaani kwake kama ni kweli, na kipa hajui kitu, kwa hiyo anakasirika. Hakukasirishwa na habari yenyewe. Amekasirika kwamba fundi cherehani aliisikia mwanzo.

9. Nafasi yake ya kukaa

Klabu kubwa zina makabati yenye majina. Huku kwenye delta, chumba cha kubadilishia ni kivuli cha mwembe, na miembe haitupungukii. Nyota ana mzizi wake, haukaliwi na mtu. Akichukuliwa na timu ya Malindi, mzizi unabaki mtupu mechi mbili. Mechi ya tatu beki wa kulia, aliyefunga bao moja tangu azaliwe (na la kujifunga), anaukalia na kunyoosha miguu. Wenzake wanamtazama. Hapo ndipo mazungumzo kuhusu uongozi wa timu huanza, na kwa kawaida huwa ni mazungumzo ya kusukumana.

8. Nani atavaa jezi ile?

Hapa Yanga ina somo la kutosha, nami nitalitoa bila upendeleo. ("Utalitoa kwa upendeleo," anasema Ami.) Fiston Mayele alimaliza ligi ya 2022/23 na mabao 17, akagawana ufungaji bora na Saidi Ntibazonkiza wa Simba. Ami anataka jina la Ntibazonkiza liandikwe kwa herufi kubwa. Halitaandikwa. Mayele huyo huyo alikuwa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika kwa mabao 7, msimu ambao Yanga ilifika fainali na kulikosa kombe mbele ya USM Alger kwa hesabu ya bao la ugenini. Kisha Pyramids ya Misri ikaja na mkoba.

Sasa fikiria wewe ni Hafiz Konkoni. Umetoka Ghana, una miguu yako miwili mizuri, unaingia Jangwani kwa Yanga, na kila ukigusa mpira uwanja mzima unakulinganisha na mtu aliye Cairo. Konkoni hakumaliza msimu pale. Simlaumu. Mrithi wa nyota huhukumiwa kwa mabao ambayo mwenziwe angeyafunga, na mabao ya aina hiyo hayana idadi. Kila wiki Mayele wa kufikirika alikuwa akifunga matatu.

Na wenzake vyumbani wanachangia bila kukusudia. Wamezoea kupiga krosi pale alipokuwa akisimama yule wa zamani. Mpira unafika, mtu hayupo, wote wanamtazama mgeni kana kwamba yeye ndiye aliyechelewa.

7. Hakuna wa kutetema

Mayele akifunga alikuwa anatetema, na watoto wote wa Pwani wakatetema naye, hata wa nyumba za Simba, kwa siri, nyuma ya jikoni. Akishauzwa, timu inabaki na mabao bila ngoma. Msidharau jambo hili. Timu inayojua itashangilia vipi inaingia uwanjani ikiwa tayari inatarajia kushangilia.

Ami: "Sisi tulikuwa tunatetema kwa homa." Hiyo ni kweli, nilimwona.

6. Kila mtu anaanza kumchezea mnunuzi

Tarehe 23 Februari 2021 Al Ahly, mabingwa wa Afrika, walikuja Dar es Salaam wakafungwa 1-0 na Simba. Mfungaji ni Luis Miquissone, kijana wa Msumbiji. Ilipofika Agosti, Miquissone alikuwa mchezaji wa Al Ahly. Juni 2018, fainali ya SportPesa Super Cup pale Afraha, Nakuru, Gor Mahia iliichapa Simba 2-0, na Meddie Kagere akafunga moja. Kitambo kidogo Kagere kavaa nyekundu ya Simba pale Msimbazi, na msimu wake wa kwanza akatia mabao 23. Rudi nyuma zaidi, 2011: TP Mazembe inakutana na Simba kwenye Ligi ya Mabingwa, inamwona Mbwana Samatta, inaondoka naye kwenda Lubumbashi, na Patrick Ochan juu yake kama nyongeza ya muuza nyanya.

Vyumbani somo hili linaeleweka upesi: mnunuzi haji mazoezini na kalamu, anakuja siku ya mechi akiwa na jezi ya wapinzani. Tangu hapo winga aliyekuwa akitoa pasi anapiga mwenyewe. Beki wa kati anapanda na kona zote, hata zile za wapinzani, kwa namna anavyosahau kurudi. Katika mechi ndogo ya Jumatano, kwenye uwanja wenye majani yaliyokauka, hakuna anayejituma, maana pale watazamaji ni walinzi na mbuzi. Dhidi ya timu kubwa ya Afrika Kaskazini kila mtu ana mapafu mawili ya akiba.

Lakini kuna upande mwingine, nami sitauficha. Samatta alipotoka Simba akatwaa Ligi ya Mabingwa na Mazembe mwaka 2015, Januari 2016 akapewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani, akaenda Genk, akawa bingwa wa Ubelgiji, na tarehe 1 Machi 2020 akafunga pale Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi akiwa na Aston Villa. Kila kituo hicho, vyumba vya klabu zetu vilisikiliza. Mtu mmoja akiuzwa vizuri, ishirini wanaanza kulala mapema. Mchezaji akiona kuwa klabu yake inajua njia ya kumpeleka mbele, haoni kuuzwa kwa mwenziwe kama msiba. Anaona ni foleni, na yeye amesogea hatua moja.

Kijana wa Gor anadai tumtaje Michael Olunga. Tutamtaja, namba inayofuata.

5. Furaha ambayo hakuna anayeikiri

Msije mkadhani wote wanalia. Yuko kijana wa benchi ambaye msimu mzima amekuwa akipasha misuli tu, amepasha hadi imeiva. Siku nyota anaaga, yeye anatoa hotuba ya huzuni kuliko wote, na usiku anampigia mama yake simu kwa sauti ya chini: "Mama, Jumamosi washa redio."

Wapo pia waliochoka. Nyota mkubwa hula mipira yote. Penalti zake, frii-kiki zake, kona zake, lawama za wengine. Akiondoka, ghafla kuna mabao 17 yaliyokaa mezani bila mwenyewe. Hebu tazameni Yanga ya 2023/24. Mayele hayupo, kocha Nasreddine Nabi naye hayupo, kaja Miguel Gamondi. Mabao yakagawanywa: Stephane Aziz Ki akafunga 21 na kuwa mfungaji bora, Maxi Nzengeli naye akafunga, Pacome Zouzoua naye, hata kiungo Mudathir Yahya akaanza kupiga simu za ushangiliaji pale kwenye kibendera. Tarehe 5 Novemba 2023...

"Usiitaje," anasema Ami.

...Tarehe 5 Novemba 2023, Simba 1, Yanga 5. Mayele alikuwa Misri. Siku mbili baadaye kocha wa Simba, Robertinho, naye hakuwa na kazi. Ubingwa ukabaki Jangwani.

Gor nayo ina sura mbili kwenye hili. Mwaka 2015 ilitwaa ligi bila kufungwa, Olunga akiwa na mabao 19, naye akaenda Djurgården ya Sweden. Kocha Frank Nuttall akaondoka mapema 2016, na mwaka huo Tusker ikabeba kombe. Lakini 2018 Kagere aliondoka katikati ya ligi, kocha Dylan Kerr akabaki, na Gor ikawa bingwa kama vile aliyetoka ni mbeba chupa za maji. Kijana wa Gor anasema tofauti ni kocha. Mimi namwambia Yanga ilibadilisha kocha na nyota kwa mpigo na ikafunga watu matano. Hajanijibu hadi leo, ila amenihamia upande wa pili wa baraza.

Wamarekani wana mfano wa kufanana, mji mmoja, pande mbili. Boston Red Sox walikuwa mabingwa mwaka 1918. Mwishoni mwa 1919 wakamuuza Babe Ruth kwa New York Yankees, na hawakuonja ubingwa tena mpaka 2004. Watu wa Boston wakasema ni laana. Yaani miaka yote hiyo ya viongozi wabovu ikabebeshwa marehemu mmoja mnene. Lakini mwaka huo huo wa 2004 laana ilipokatika, tarehe 31 Julai Boston walikuwa wamempeleka Chicago Nomar Garciaparra, kipenzi cha mji, ambaye uhusiano wake na uongozi ulikuwa umeshachacha. Mashabiki walinuna. Oktoba wakabeba kombe. Kumbe chumba kilikuwa kinahitaji pumzi.

4. Wawili kwa mpigo

Kumuuza mmoja ni jeraha la kawaida. Kuuza wawili wanaoelewana bila kutazamana ni jambo jingine.

Simba ilikuwa imechukua ligi mara nne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21. Agosti 2021 ikamwachia Miquissone kwenda Al Ahly na Clatous Chama kwenda RS Berkane ya Morocco. Mmoja alikuwa mwenye kasi, mwingine ndiye aliyejua kasi hiyo itafika wapi. Waliobaki walikuwa wazuri, sikatai, na mimi si mtu wa kukubali mambo ya Simba kirahisi. Ila mchezaji aliyezoea kuwa mpira mgumu utapelekwa kwa Chama, kisha Chama ajue la kufanya, anapogeuka asimwone Chama, hupata dakika moja ya kufikiri. Katika mpira wa Afrika dakika moja ya kufikiri inatosha kupoteza mpira, goti na nauli.

Oktoba wakaenda Botswana wakaifunga Jwaneng Galaxy 2-0. Kazi imekwisha. Nyumbani wakatangulia kufunga, yaani 3-0 kwa jumla. Kisha wageni wakarudisha moja. Wakarudisha la pili. La tatu. Simba ikatolewa kwa bao la ugenini, na kocha Didier Gomes akaaga. Msimu ulipoisha Yanga ilikuwa bingwa bila kupoteza mechi hata moja ya ligi.

Sisemi Chama na Miquissone wangezuia yote. Nasema kuwa timu inapofungwa la kwanza nyumbani, wachezaji hutazamana kumtafuta yule wa kutulia na mpira. Siku ile walitazamana tu.

Ami ameondoka. Anasema anakwenda kuangalia nyavu. Nyavu zake ziko kwa fundi tangu Jumanne.

3. Nyota anaporudi

Hili watu hulisahau: kuuzwa kwa nyota hakuishii siku ya kuuzwa. Klabu zetu zina tabia ya kurudisha.

Chama alirudi Simba Januari 2022. Sherehe, vigelegele, mabango. Ila alikuwa ameshaichezea Berkane katika Kombe la Shirikisho, kwa hiyo Simba isingeweza kumtumia kwenye kombe hilo, na droo ikaonyesha kuwa ina utani: Simba na Berkane kundi moja. Mtu wako mpya, au wa zamani, au wa zamani-mpya, anatazama klabu zake mbili zikikutana, na yeye hana ruhusa ya kuichezea yoyote. Berkane ndiyo iliyotwaa kombe lile mwisho wa msimu.

Miquissone naye alirejea mwaka 2023, na hakung'ara kama alivyoondoka. Emmanuel Okwi, Mganda, aliondoka na kurudi mara nyingi hata walinzi wa lango la Msimbazi wakaacha kumwuliza kitambulisho. Aliporudi 2017 alifunga mabao 20, akawa mfungaji bora, na Simba ikapata ubingwa wake wa kwanza tangu 2012. Kwa hiyo siwezi kuwaambia msirudishe watu.

Lakini vyumbani yuko kijana aliyevaa viatu vya nyota kwa miezi sita. Alizomewa, akalinganishwa, akavumilia, mwishowe akaanza kufunga. Sasa yule aliyeondoka anaingia mlangoni, wote wanasimama kumkumbatia, na kocha anasema, "Familia imekamilika." Kijana anahesabu familia, anajikuta yeye ndiye aliyezidi. Mpe wiki mbili, ataanza kuumwa nyama za paja.

2. Akienda kwa jirani

Akienda Cairo au Casablanca, mnamwombea dua. Akienda mtaa wa pili, mnabadilisha kufuli.

Okwi aliingia Yanga Desemba 2013. Chama akatambulishwa Yanga Julai 2024, na Ami hakula chakula cha mchana, jambo ambalo halikutokea hata siku ya mafuriko. Kwa shabiki ni usaliti. Kwa mchezaji aliyebaki ni tatizo la kazi, kwa sababu jirani mpya anazo siri zako zote. Huku kwetu mchezaji akivuka mto kwenda kijiji cha ng'ambo, mabao yake hayatuumi sana. Kinachotuuma ni kwamba anajua kipa wetu haoni vizuri jua likielekea kuzama, na wenzake wote wataanza kupiga mashuti ya mbali kuanzia saa kumi na moja na nusu.

Kisa kikubwa ni cha Feisal Salum, Fei Toto. Desemba 2022 alitaka kuvunja mkataba wake na Yanga, klabu ikakataa, shauri likaenda shirikisho la soka, TFF, ikaamuliwa kuwa bado ni mchezaji wa Yanga. Yeye hakurudi kambini. Miezi ikapita: mchezaji ni wetu na hatunaye. Juni 2023 Yanga walipoalikwa Ikulu, Rais Samia mwenyewe akawaambia walimalize suala la kijana yule, na baada ya siku chache Fei Toto akawa wa Azam. Nimesikia wachezaji wengi wakitafutiwa wakala mzuri. Wakala wa kiwango kile bado sijamsikia popote.

Ungedhani vyumba vya Yanga vilivurugika miezi ile sita. Kinyume chake. Msimu ule ule walichukua ligi, wakafika fainali ile ya Afrika, na Juni wakaifunga Azam 1-0 kwenye fainali ya kombe la shirikisho la nyumbani pale Tanga. Naamini sababu haina fumbo. Nyota aliyesusa aliwapa waliobaki kitu cha kuthibitisha kila Jumamosi, na klabu nayo haikuwaambia uongo: kila mmoja alijua yupo nani na hayupo nani. Fei Toto mwenyewe alifanikiwa, msimu uliofuata akafunga mabao 19 Azam. Kila mtu alipona. Ni nadra.

Ami amerudi, bila samaki. Anasema Aziz Ki naye aliwakimbia mwaka 2025 akaenda Wydad kabla ligi haijaisha. Kweli, aliondoka Mei. Tarehe 25 Juni tukakutana nanyi bila yeye. Mbili bila. Ami ameondoka tena.

1. Pesa zake zimekwenda wapi?

Ami aliporudi, tulishindana kutwa kuhusu namba moja, na mwisho wote watatu tukakubaliana, jambo lililotutia hofu.

Siku nyota anauzwa, kila mchezaji aliyebaki anapiga hesabu. Haihusu mabao. Anajiuliza: kauzwa kiasi gani, zimefika, na mshahara wangu wa miezi miwili umo ndani yake au haumo? Kocha anaweza kusema maneno matamu ya mshikamano hadi sauti imkauke. Kama posho ya mechi iliyopita haijatoka na gari la kiongozi ni jipya, mshikamano huo utaonekana dakika ya 80, watu wakitembea.

Januari 2013 Simba ilimuuza Okwi kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000. Fedha nzuri kwa wakati ule. Tatizo dogo: hazikuja. Okwi na klabu yake mpya nao wakagombana, kesi zikapanda hadi FIFA, yeye akaonekana Villa ya Kampala, kisha, kama tulivyosema, Yanga. Kwa hiyo wachezaji waliobaki Msimbazi walikuwa hawana straika, hawana pesa za straika, na straika yuko ng'ambo ya barabara amevaa kijani. Hapo hata mtu wa Yanga hucheka kwa adabu.

Gor wanalijua hili kwa mwendo mrefu. Mwaka 2019 SportPesa iliacha kudhamini, mishahara ikawa inachelewa, na kipindi hicho hicho nyota walitoka mmoja mmoja: Francis Kahata kwenda Simba, Jacques Tuyisenge kwenda Petro de Luanda, mwaka uliofuata Joash Onyango naye Simba. Kikosi kilichokuwa bingwa kikawa kituo cha kuabiria. Mchezaji anayebaki mahali kama pale haumii kwa sababu rafiki yake ameondoka. Anaumia kwa sababu hajui yeye amebakizwa kwa kuthaminiwa au kwa kukosa mteja. Kijana wetu wa Gor alipofika hapa alinyamaza, nasi tukammiminia kahawa.

Delta hii imelijua jambo hilo kabla ya mpira. Hapa Ozi na Kipini ndipo nchi ya Fumo Liongo, nyota ambaye hakuwa na mbadala. Masimulizi yanasema mtoto wake mwenyewe aliahidiwa mengi ili amchome kwa sindano ya shaba kitovuni, akamchoma, na Liongo akafa amepiga goti kisimani na upinde mkononi. Watu wakakaa siku kadhaa bila kuchota maji kwa kumwogopa. Mtoto naye hakuvifaidi alivyoahidiwa. Ami anasema huo ndio uhamisho wa kwanza Pwani ambao malipo hayakukamilika, na kwamba FIFA ingekuwepo wakati ule Liongo angerudi kwao Shaga kwa mkopo.

Mambo ya leo ni madogo zaidi lakini yana akili ile ile. Kuna mashindano ya mbuzi, kijiji jirani kinataka straika wetu aende kama mamluki. Viongozi wanakubaliana kando. Anakwenda, anafunga, mbuzi anapatikana, na inasemekana kuna kitu kidogo kilipita mkono kwa mkono kwa ajili ya "maendeleo ya timu". Wiki ijayo beki wa kushoto haji mazoezini. Ukimfuata nyumbani anasema ana malaria. Malaria ya nini? Ya mguu wa mbuzi aliousikia harufu yake upepo ulipogeuka. Hakuwahi kutaka nyama nyingi. Alitaka aambiwe mbuzi yupo.

Ndiyo maana klabu moja inamuuza mtu wake mkubwa na inafunga watano, nyingine inamuuza na inatolewa nyumbani. Waliouza hadharani, wakalipa wanaobaki, wakasema nani anakuja na lini, vyumba vyao viliendelea kucheka. Ami hapa alitaka kupinga kwa desturi, akakosa pa kushika, akaomba tu iandikwe kuwa Simba imefika robo fainali nyingi. Imeandikwa.

Tumemaliza saa mbaya pia. Straika wetu amepigiwa simu na timu ya Malindi, ajaribiwe mwezi ujao, na mwenyekiti ameanza kuvaa viatu vya kufunga kamba. Kipa, yule yule wa jua, amesema hana kinyongo na mtu yeyote, anamtakia mwenziwe kila la heri, na hadaki mpira wowote hadi aone risiti.